Watoto Ambao Concilie Hakuwauliza

Ukimwona Concilie Nizigama akitoka nyumbani kwake Kimanga, mjini Uvira, asubuhi, mfuko wa bluu begani na ndala za mpira miguuni, utadhani ni mama anayekwenda shambani kuvuna mpunga. Hutakuwa umekosea sana. Akifika anakokwenda huvuna kweli, au hupepeta, au huketi na mwenye nyumba kupukuchua maharage mpaka kikapu kijae. Ndipo anapofungua mfuko na kutoa fomu, kalamu, pamba na visindano vya kuchoma kidole. Concilie ni muuguzi, na huu ni mwaka wa pili anakusanya habari za utafiti wa damu katika vijiji vya bonde la Ruzizi.

Jeancy, mwenzake aliyepewa vijiji vya Mulenge kule mlimani, hakuacha kumtania.

"Mama Bella, kweli, weye uko mu utafiti ama uko unatafuta bugali?"

"Nikiingia mu nyumba ya muntu mikono mitupu nikamuomba damu," Concilie alimjibu, "atanipa ya kuku."

Ana miaka arobaini na mitatu. Alizaliwa hukohuko bondeni, kwa wakulima wa mpunga wanaosema Kirundi nyumbani. Uuguzi aliusomea Uvira akiwa tayari mke wa mtu, tumbo la mimba ya bintiye Bella likigusa dawati, na wiki ya mtihani wa mwisho alifanya karatasi nne, akajifungua, kisha akarudi kumalizia ya tano. Mume wake, Herménégilde, hutengeneza simu katika kibanda mbele ya nyumba yao. Kwenye kituo cha afya alikoanzia kazi, akina mama walikuwa wakiruka zamu zao ili mtoto achomwe sindano na yeye, kwa sababu mshipa wa mtoto anayelia Concilie huupata mara ya kwanza, kama mtu anayefungua mlango wa kwake.

Utafiti wenyewe ulihusu selimundu, ugonjwa ambao Uvira kila mtu anauita SS. Hebu fikiria chembe nyekundu za damu: ni duara, zimebonyea katikati kama andazi lililokandamizwa na kidole gumba, na zinateleza kwenye mishipa myembamba kuliko unywele. Kwa mtoto mwenye SS chembe hizo hujikunja zikawa kama mundu wa kukatia mpunga. Mundu hautelezi. Unanasa, unazuia wenzake, na mtoto analia mifupa usiku na mchana. Ugonjwa huu hauambukizwi wala hautumwi na jirani. Mtoto huupata pale tu baba anapompa nusu na mama anapompa nusu. Mwenye nusu moja, ambaye anaitwa AS, haumwi. Anaweza kuishi hadi uzee bila kujua anabeba nini.

Na hapa ndipo penye ajabu ambayo Concilie, siku alipoelezwa, aliomba irudiwe mara mbili. Yule mwenye nusu moja, malaria kali humwogopa. Ndiyo maana mahali penye mbu wengi tangu zamani za mababu, wenye nusu ni wengi pia. Kitu kilekile kikiwa kimoja kinamlinda mtoto. Vikiwa viwili vinamuua nduguye.

Basi Docta Placide, mkuu wa utafiti, alijua angekuta nini. Mulenge kuna baridi, ng'ombe na ukungu, mbu wachache: SS itakuwa kidogo. Kalundu, pale bandarini na ufukweni, itakuwa ya wastani. Bondeni, kwenye mashamba ya mpunga yanayolala majini miezi mingi ya mwaka, itakuwa nyingi sana, na watoto wengi watakuwa wamekufa kabla ya miaka mitano. Aliweka wakusanyaji watatu: Jeancy mlimani, Eliane Kalundu, Concilie bondeni.

Jibu lilipotoka, lilitoka kichwa chini.

"Angalieni ninyi wenyewe," Docta Placide aliwaambia, akigeuza kompyuta upande wao. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama barabara ya Kalundu. "Bondeni ndiko watoto wamekufa kidogo kuliko wote. Hata Mulenge inawapita kwa vifo."

Eliane alicheka. "Basi tuhamie huko siye wote."

Docta hakucheka. Mpango wa kupima watoto na kuwapa dawa ungeanzia mahali pamoja tu, kwa miaka mitatu, na mahali hapo pangechaguliwa kwa hesabu ya vifo, maana damu ya vidole waliyokusanya ilikuwa bado maabara, haijasomwa. Ripoti ilitakiwa baada ya wiki mbili. "Minye si muganga wa kubahatisha," alisema, akigonga rundo la fomu. "Nitaandika yenye fishi zinasema. Mpango utaenda Kalundu."

Concilie alipaswa kufurahi kwamba watu wa kwao hawafi. Badala yake hakuiamini hesabu hiyo. Kulikuwa na mtoto mmoja katika kijiji cha mwisho kabla ya mto, jina lake Nyandwi, mwana wa Kankindi. Miaka mitano, macho ya njano, vidole vimevimba, anatembea kama mzee aliyetoka kupigwa. Muuguzi yeyote angemjua kwa macho. Mpango ukienda Kalundu, Kankindi hangeweza kumbeba mtoto huyo mwendo wote ule kila mwezi, na msimu wa mvua, ambao ndio humlaza, ulikuwa mlangoni. Alitafuta fomu yao. Ilisema: watoto waliozaliwa, mmoja, waliofariki, hakuna. Mwandiko ulikuwa wake.

Jibu halikupatikana ofisini. Lilipatikana jioni ileile mbele ya kibanda cha Herménégilde, ambako kijana mmoja mchukuzi wa mizigo alikuja kuchukua simu yake.

"Minani, hii simu yako iko mzima sasa," Herménégilde alimwambia. "Usiangushe tena mu maji. Lakini niambie, weye ni Minani ya kuhesabu, ama walikuita juu ya muntu?"

Kwa watu wa bondeni swali hilo ni la kawaida. Minani ni jina la mtoto wa nane, kama Nyandwi alivyo wa saba, Nyabenda wa tisa na Bucumi wa kumi. Lakini kuna anayeitwa hivyo kwa sababu tu babu yake aliitwa hivyo.

"Ya kuhesabu," kijana alijibu.

"Mama yako alifanya kazi. Watoto nane kwenye meza moja."

"Meza yetu ilikuwaka na watoto watatu," Minani alisema, akiwasha simu kuangalia kama inashika mtandao. "Bale batano sikuwaona."

Akaaga, akaenda zake. Concilie, aliyekuwa akichambua mchele kwenye ungo, mikono yake ilisimama. Nyandwi. Wa saba. Na yeye alikuwa ameandika mmoja.

Halafu akaelewa kosa lilikokaa, na halikukaa kwa Kankindi. Fomu ilisema: *Umezaa watoto wangapi? Wangapi wamefariki?* Jeancy aliisoma hivyo ilivyo, Eliane pia. Concilie hakuwahi kuisoma hivyo hata siku moja. Kwao, mtu haketi kwenye ua wa mama akamtaka ahesabu makaburi yake. Ukiwahesabu waliokwenda, wanasema, unawaita waliobaki. Kwa hiyo yeye alikuwa akiuliza, kwa sauti ya upole, huku mikono iko kwenye maharage: "Mama, uko na watoto bangapi?" Na akina mama walimjibu alichouliza. Watoto *ninao*. Na penye waliofariki, yeye akaandika hakuna. Ule upole wake wote, ule uliowafanya watu wamfungulie milango, ndio uliofuta watoto.

Fomu alizojaza hivyo zilikuwa mia mbili na kumi na mbili.

Kesho yake alifika ofisini kabla ya mlinzi. Docta Placide alipoingia alimkuta amesimama.

"Docta, ile hesabu ya bondeni iko mubaya. Na minye mwenyewe njo niliiharibu."

Akaeleza yote, hakujificha nyuma ya neno. Docta alisikiliza akiwa ameshika funguo za pikipiki mkononi. Alipomaliza, Docta aliziweka funguo mezani.

"Miaka yote ya shule," alisema, "na ya kazi. Swali limeandikwa. Weye ukaona ulitengeneze?"

"Sikuona kama nalitengeneza. Niliona kama nasalimia."

Docta aliketi. Ni mzaliwa wa Bukavu, na majina ya Kirundi kwake yalikuwa majina tu. Concilie aliweka mezani rundo dogo. "Tangu alfajiri nimetoa hizi. Thelathini na nane. Watoto wote humo ni akina Nyandwi, akina Minani, akina Nyabenda. Nyumba nyingine ina Bucumi, na fishi inasema watoto wawili. Wa kumi anazaliwaje kama hakuna tisa mbele yake?"

Docta alipekua moja, akapekua ya pili. Unaweza kuona akili yake ikikimbia. Kisha akazifunga.

"Jina si damu, Mama Bella. Siwezi kuandika jina mu tablo ya hesabu."

"Sikuombi uandike jina. Nakuomba siku."

Alimpa kumi. Ila si yeye peke yake, na hilo ndilo Concilie alilolisifu baadaye kila alipolisimulia. Docta alisema mbali na zile thelathini na nane, ataokota fomu nyingine thelathini za bondeni huku amefumba macho, na Jeancy na Eliane watarudia thelathini thelathini za kwao vilevile. "Tukikosoa yenye tunatamani ibadilike tu, tutakuwa tunajidanganya kwa kalamu."

"Asante sana, Mama Bella," Jeancy alisema alipojua anarudi kupanda milima. "Magoti yangu yatakukumbuka."

Nyumba ya kwanza karibu imkatishe tamaa. Mama aliulizwa kama jina la mwanawe ni la kuhesabu, akacheka mpaka akashika mbavu. "Nyandwi huyu? Huyu ni kifungua mimba, Mama. Tulimuita juu ya baba ya bwana yangu. Saba nitoe wapi na mugongo huu?" Concilie alicheka naye, akaandika: jina la kurithi, hakuna kifo. Aliandika kwa uaminifu uleule ambao angeandikia lile alilolitafuta.

Siku ya pili alifika kwa Kankindi. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha. Nyandwi alilala barazani juu ya mkeka, amekunja magoti, halii, anapumua tu kwa kuhesabu. Kankindi alikuwa akipukuchua maharage. Pembeni, juu ya kigoda, alikaa Spès, mama wa mume wake Venant, mwanamke mrefu mwenye rozari shingoni, ambaye kila mtu kijijini alimheshimu na wengi walimwogopa.

Concilie aliketi, akachukua maganda, akaanza kupukuchua.

"Mama Nyandwi, siku ile nilikuuliza vibaya. Leo sikuulizi hesabu. Nakuuliza tu jina. Nyandwi ni ya kuitiwa muntu, ama ni ya kuhesabu?"

Kankindi hakuinua uso. "Ya kuhesabu."

Ni maneno mawili tu, lakini yalikuwa yametoka, na hakuna aliyelazimika kumtaja mtu. Kisha akafanya jambo ambalo Concilie hakulitegemea. Alichukua punje za maharage kutoka kikapuni, akaziweka moja moja kwenye mkeka: sita. Alizitazama. Halafu akagusa ya kwanza.

"Huyu mikono ilivimba kabla hajasimama. Alikuwa na mwaka moja." Akagusa ya pili. "Huyu alikuwa mzima. Malaria ilimukamata siku tatu." Akagusa ya tatu. "Huyu macho, kama ya Nyandwi. Huyu pia. Huyu nilimubeba ku santre ya afya, akafia njiani, ku daraja." Ya sita aliifunika kwa kiganja.

Spès alikohoa. "Mambo ya nyumba haiwekwe mu karatasi ya watu. Mukazana huyu, tangu mwana wangu amulete hapa, iko anatuzikisha tu. Damu yake mubaya. Kila muntu anajua."

Concilie alikuwa na jibu tayari, la kisayansi, la baba nusu na mama nusu. Alilimeza. Aliona kwamba akilisema sasa litakuwa ugomvi, na ugomvi Spès angeushinda. "Mama Venant," alisema, "kama ni damu mubaya, basi tuiangalie. Kuna siku tutakuja kuipima, ya kila muntu. Minye sijui itasema nini." Akaandika alichoambiwa, mstari kwa mstari, akamwachia Kankindi vidonge vya maumivu, akamwonyesha jinsi ya kumnywesha mtoto maji kidogokidogo, mengi, mchana kutwa.

Kwa siku kumi hakufanya kitu kingine. Herménégilde alipika, Bella alifua. Kati ya wale thelathini na nane, ishirini na tisa walikuwa wa kuhesabu na tisa wa kurithi jina. Lakini kilichomshawishi Docta ni zile thelathini zilizookotwa kwa macho yaliyofumbwa, ambazo hazikuwa na majina ya hesabu hata kidogo. Humo pia, Concilie alipouliza kwa njia yake mpya, ya kuanza na jina na kumwachia mama nafasi, watoto waliojitokeza walikuwa wengi. Kalundu ilibadilika kwa vifo viwili, Mulenge kwa kimoja. Bondeni ilipanda ikazipita zote, mbali sana, pale ambapo mbu na mpunga vilikuwa vimesema tangu mwanzo.

Walipoandika ripoti, Docta Placide alitaka kuweka sentensi fupi: makosa ya ukusanyaji yamesahihishwa.

"Hapana, Docta," Concilie alisema. "Andika kosa lilikuwaje. Mwengine atakwenda kuuliza mahali fulani kwa upole kama wangu."

Docta akaandika. Ukurasa mzima. Watu wengi wakikosea huficha daftari. Concilie alidai kosa lake lipewe ukurasa.

Mpango ulianzia bondeni wiki ya tatu ya mvua, katika kituo cha afya chenye vyumba vitatu. Watu walikuja wengi. Kipimo ni kijiti kidogo: tone la damu ya kidole, maji ya dawa, dakika kumi, mistari inajitokeza. Kankindi alifika na Nyandwi mgongoni. Nyuma yake alikuja Venant, mume wake, kofia mkononi. Nyuma ya Venant, kwa mwendo wa mtu anayekwenda kushuhudia kesi, alikuja Spès.

Nyandwi alikuwa SS. Hilo Concilie alilijua, lakini kulijua na kuliona kwenye kijiti ni vitu viwili. Alimweleza Kankindi polepole: ugonjwa hautoki mwilini, ila unatunzwa. Dawa hii kila siku kuzuia maambukizi, hii ya kuongeza damu, hii ya kupunguza miundu, chandarua, maji, na siku akipata homa ni kuja papo hapo. Watoto wengi wanaotunzwa hivyo wanakua, wanasoma, wanaoa.

Kijiti cha Kankindi kilisema AS. Nusu.

"Unaona," Spès alisema kwa watu waliokuwa kwenye foleni.

"Bado cha Venant," Concilie alisema.

Venant alitoa kidole, akageuza uso pembeni kama mtoto. Dakika kumi. Mistari ilijitokeza, ileile, pahali palepale. Concilie alikiweka kijiti chake kando ya kile cha mke wake mezani. Havikuwa na tofauti. Venant alivitazama kwa muda mrefu. Kisha akasogea akasimama upande wa Kankindi, akamchukua mtoto kutoka mgongoni kwake, akambeba yeye.

"Na yake ilitoka wapi?" Spès aliuliza. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Ku mmoja wa wazazi wake, Mama. Baba yake, ama weye. Baba yake Mungu alimuita zamani, hatuwezi kumuuliza."

Hakuna aliyemlazimisha. Foleni ilikuwa ndefu, angeweza kurudi nyumbani, na hakuna ambaye angethubutu kumwuliza chochote maisha yake yote. Spès aliketi kwenye kiti, akanyoosha mkono. Concilie alikichoma kidole kile kigumu cha miaka sitini ya jembe, akaweka tone, wakangoja. Bibi alisali rozari, midomo ikitembea. Ilitoka mistari ileile, na hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa ameona viwili vya mwanzo, akajua kusoma.

Hakuondoka kitini. Mtu wa nyuma yake kwenye foleni akasogea, kisha akarudi nyuma tena.

"Mama Bella," Spès alisema, akimtazama Kankindi badala ya Concilie, "ile karatasi yako uliandika sita za mukazana wangu."

"Ndiyo, Mama."

"Na bangu, nani aliuliza? Nilizikaka babili kabla ya Venant. Mikono yao ilivimba hivihivi. Mabukwe wangu, mama ya bwana yangu, alisema ni tumbo yangu." Alifuta kidole chake kwenye kikwembe alichojifunga. "Andika na bao. Wa kwanza aliitwa Itangishaka."

Concilie alivuta fomu mpya, akaandika tarehe juu, na Kankindi akasogea kwenye benchi ili mama mkwe wake apate pa kukaa vizuri.